Pumzi ikikatika, tuulize na moyo: kutambua presha ya mapafu bila kuingiza mrija



Leo nawaomba dakika kumi hivi tuongee juu ya pumzi.

Tuchukue papa mmoja. Jina simpi, maana ni mfano niliouunda kwa ajili ya maelezo tu. Lakini kama umekulia Kolwezi utaona kama unamjua: anakaa Kapata, anakaa Musonoi, anakaa Kasulo, pengine anakaa lupango la jirani yenu. Ana miaka 54. Kwa miaka zaidi ya 20 alichimba, akaponda mawe, akapakia mifuko. Sasa ana kikohozi kikavu na pumzi inamkatika. Mara ya kwanza alipewa dawa za kifua kikuu miezi 6, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Mara ya pili aliambiwa ni asima, akapewa dawa ya kuvuta. Mara ya tatu ndiyo radio ya kifua ikaonyesha makovu kwenye mapafu yote mawili. Akaambiwa: "Papa, hii ni vumbi ya kazi. Mapafu imekauka."

Miaka 2 imepita, papa amerudi. Anasema: "Docteur, mbele nilikuwa nafika soko bila kusimama. Leo kutoka kitanda mpaka ku mulango, pumuzi imeisha." Jioni miguu inavimba. Wanapiga radio nyingine, wanaiweka kando ya ile ya zamani. Makovu ni yale yale, hayakuongezeka sana.

Swali la leo linatoka hapo. Kama kovu halikuongezeka, nani ameiba pumzi ya papa?

Magonjwa mawili ndani ya kifua kimoja

Pafu si mfuko mtupu. Ni kama sponji yenye mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Kati ya hewa na damu kuna ukuta mwembamba sana, na oksijeni inapita hapo. Magonjwa yanayoshambulia ukuta huo, yakauvimbisha na kuuwekea makovu, yako zaidi ya 200. Mengine yanatokana na vumbi, kama silikosi na asbestosi. Mengine yanatokana na kinga ya mwili kujishambulia, kama skleroderma, na mengine na ukungu au mavi ya ndege yanayovutwa kila siku. Kuna hata aina ambazo sayansi bado haijajua chanzo chake. Yote yanafanana kwa jambo moja: pafu linakuwa gumu na oksijeni inapita kwa shida.

Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili ni presha ya juu ndani ya mishipa ya mapafu, na hii ndiyo inayosahauliwa.

Hapa wengi tunachanganyikiwa, kwa sababu neno "tansio" kwetu ni lile la mkononi. Mwili una mizunguko miwili ya damu. Upande wa kushoto wa moyo unasukuma damu mwili mzima, kwa nguvu kubwa. Huo ndio unaopimwa mkononi, 12 kwa 8. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni tu, kwa nguvu ndogo. Kwa mtu mzima aliyepumzika, presha ya wastani ya huko ni kama milimita 14 za zebaki. Mizunguko hiyo ina vipimo tofauti. Papa anaweza kuwa na 12 kwa 8 nzuri kabisa mkononi, huku ile ya mapafu imepanda mara tatu na hakuna aliyeiona.

Inapanda kwa sababu gani? Makovu yanabana na kuua mishipa midogo, kwa hiyo njia za damu zinapungua. Halafu mshipa wa pafu una tabia yake: ukikosa oksijeni, unajikaza. Ukijikaza miaka mingi, ukuta wake unanenepa na haulegei tena.

Ninyi wa polytechnique mtanielewa haraka. Pompe ya kutoa maji mgodini imetengenezwa kwa bomba pana na mlima mfupi. Sasa funga nusu ya mabomba na ubane yaliyobaki. Siku za kwanza pompe itavumilia. Kisha itapata joto na kutetemeka, na mwisho wake unaujua. Chumba cha kulia cha moyo ndiyo pompe hiyo. Ukuta wake ni mwembamba, haukuumbwa kwa mlima mrefu. Ukichoka, damu inarudi nyuma: mishipa ya shingo inajaa, ini linavimba, miguu inavimba.

Si jambo la nadra. Kwa wale wenye kovu la mapafu lisilojulikana chanzo, waliochunguzwa zaidi huko Ulaya na Marekani, presha hii inapatikana kwa asilimia 8 hadi 15 mwanzoni kabisa, na asilimia 30 hadi 50 ugonjwa ukishakomaa. Mwenye vyote viwili anaishi muda mfupi kuliko mwenye kovu peke yake.

Vumbi la kwetu

Tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu kule Kasulo, na mtaa ukageuka mashimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walipima damu, mkojo na vumbi la nyumbani, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wakaaji wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na watoto ndio walioathirika zaidi. Utafiti huo ulionyesha kwamba madini yameingia mwilini. Haukuhesabu makovu ya mapafu, kwa hiyo tusiuweke maneno mdomoni.

Lakini kuna sababu ya kuwa macho. Kule Ubelgiji, mwaka 1984, madaktari wa Leuven waliandika juu ya wanga'rishaji wa almasi waliopata ugonjwa wa tishu za mapafu kwa kuvuta vumbi la visahani vilivyotengenezwa na kobalti. Na kando ya kobalti kuna adui mkongwe zaidi, silika. Wanajiolojia wetu wanazijua RSC na RSF, yale mawe yanayozungukana na madini yetu ya shaba na kobalti. Ile herufi S inatamka "siliceuses". Ukilitoboa bila maji, ukiliponda kwa nyundo, unatengeneza vumbi laini ambalo macho hayalioni, na ndilo linaloingia mpaka kwenye vifuko vya hewa. Silika pia inafungulia njia kifua kikuu, na nchi yetu iko kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kwa hiyo papa mmoja anaweza kubeba mambo matatu pamoja: vumbi, makovu ya kifua kikuu cha zamani, na presha ya mapafu juu yake.

Hakimu wa mwisho ni kateta

Presha ya mapafu inathibitishwa kwa namna moja tu: kuingiza mrija mwembamba kwenye mshipa, kuupitisha ndani ya moyo wa kulia mpaka mshipa wa pafu, na kupima moja kwa moja. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijiingizia mrija huo yeye mwenyewe, kisha akatembea mpaka chumba cha radio ili apigwe picha. Wakubwa wake hawakufurahi. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Cournand na Richards.

Kwa mrija huo, zamani ugonjwa ulihesabiwa kuanzia milimita 25. Wataalamu walipokutana Nice mwaka 2018 walipendekeza kushusha mpaka, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 ukakubali: sasa ni zaidi ya 20.

Mikononi mwa wenye uzoefu, kipimo hiki si cha kutisha. Katika hesabu moja ya vipimo 7,218, matatizo makubwa yalikuwa asilimia 1.1, na vifo chini ya 1 kwa kila 1,000. Shida yetu ni nyingine. Kinahitaji chumba maalumu, mashine, mtaalamu na timu yake. Kwa familia ya kawaida ya Lualaba, kateta maana yake ni safari, na safari maana yake ni feza. Mara nyingi maana yake ni kuuza lupango. Kabla familia haijauza lupango, ina haki ya kuuliza: kuna dalili za kutosha za kutupeleka huko?

Hapo ndipo vipimo vya nje vinapata kazi yake. Havimwondoi hakimu. Vinatuambia nani aende kwa hakimu haraka, nani asubiri, na nani anahitaji oksijeni leo.

Ngazi ya vipimo, kutoka bei ya bure kwenda juu

*Ngazi ya kwanza: sikio na jicho.* Dalili kubwa ni kutolingana. Pumzi inazidi kuwa mbaya, lakini radio na kipimo cha kupuliza havijabadilika. Ongeza hapo kuzimia wakati wa kupanda ngazi, miguu kuvimba, mishipa ya shingo kusimama, na sauti ya pili ya moyo kugonga kwa nguvu upande wa mshipa wa pafu. Hakuna hata moja inayothibitisha, lakini zikiwa mbili au tatu pamoja, usiandike tena "mapafu yamechoka" ukafunga faili.

*Ngazi ya pili: oksimeta na korido.* Hapa sihitaji mashine kubwa. Pima korido ya mita 30, weka alama pande zote mbili, mwambie mgonjwa atembee dakika 6 kwa mwendo wake, na oksimeta kidoleni. Andika vitu vitatu: mita alizotembea, oksijeni ilishuka mpaka wapi, na mapigo ya moyo anaposimama na dakika moja baadaye. Oksijeni ikishuka chini ya 88, sikiliza vizuri. Na mapigo? Moyo wenye afya ukisimama unatulia mbio. Kwa wagonjwa wa kovu la mapafu, watafiti wa Marekani waliona kwamba mapigo yakishuka 13 au pungufu katika dakika ile ya kwanza, uwezekano wa kuwa na presha ya mapafu unapanda. Kinachohitajika ni saa, oksimeta na kalamu.

Mitego miwili hapa. Kwanza, Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo oksijeni ya mtu mzima wa afya inaweza kuwa chini kidogo ya ile ya vitabu. Mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Pili, oksimeta ina tabia ya kuwapendelea watu weusi namba nzuri kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika ulipitwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Ukiona 92 kwenye kidole cha ndugu yako, usisherehekee mapema.

*Ngazi ya tatu: ECG, radio na damu.* ECG inaweza kuonyesha kwamba moyo wa kulia umenenepa. Radio inaweza kuonyesha mishipa mikubwa ya mapafu imejaa. Zikiwa na alama hizo zinasaidia. Zikiwa safi hazimwachilii mtu, kwa sababu mwanzoni zote mbili mara nyingi zinakuwa kawaida. Kipimo cha damu, BNP au ndugu yake NT-proBNP, kinapanda moyo unapovutwa kupita kiasi. Lakini hakisemi ni upande gani. Moyo wa kushoto ukiumwa kinapanda, figo zikiumwa kinapanda.

*Ngazi ya nne: kupuliza na kupitisha gesi.* Spirometria inapima hewa nyingi kiasi gani mtu anaweza kutoa. Kipimo cha pili, kinachoitwa DLCO, kinapima gesi inavyovuka kutoka hewa kwenda damu. Sasa fikiria: kama tatizo ni kovu peke yake, vyote viwili vinashuka karibu pamoja. Kama mishipa nayo imeharibika, hewa inaingia lakini gesi haivuki, kwa hiyo DLCO inaanguka zaidi. Gawanya asilimia ya ujazo kwa asilimia ya DLCO. Jibu likizidi kama 1.6, tuhuma inaongezeka. Mashine ya DLCO si ya kila hopitali. Pasipokuwepo, tunaruka ngazi hiyo, tunaendelea.

*Ngazi ya tano: skana ya kifua.* Hii tayari inapigwa ili kuona makovu, basi msomaji aangalie na mishipa. Kwa kawaida mshipa mkuu wa pafu hauzidi aorta iliyo kando yake. Ukiwa mpana kuliko aorta, ni alama. Lakini upana peke yake unadanganya kwa wagonjwa hawa, kwa sababu pafu gumu linaweza kuvuta mshipa ukapanuka hata bila presha. Ndiyo maana ni bora kuulinganisha na aorta kuliko kushika milimita tu. Angalia pia ukubwa wa chumba cha kulia cha moyo kwenye skana hiyo hiyo.

*Ngazi ya sita: ekografi ya moyo.* Hii ndiyo mfalme wa vipimo vya nje, na inastahili aya zake.

Ekografi inavyofanya hesabu

Kati ya vyumba viwili vya upande wa kulia kuna mlango unaoitwa trikuspidi. Kwa watu wengi unavuja kidogo. Mashine inapima, kwa mbinu ya Doppler, mbio ya damu inayovuja. Halafu inatumia fizikia ya Bernoulli, iliyopunguzwa mpaka fomula moja: tofauti ya presha = 4 × mbio × mbio.

Tufanye pamoja. Mbio ikiwa mita 2.8 kwa sekunde: 2.8 × 2.8 ni 7.84, mara 4 ni kama 31. Mbio ikiwa 3.4: 11.56 mara 4 ni kama 46. Unaongeza presha kidogo ya chumba cha juu, na unapata makadirio ya presha ya kilele. Mwongozo wa Ulaya unasema: 2.8 kushuka chini bila alama nyingine, uwezekano ni mdogo. Zaidi ya 3.4, uwezekano ni mkubwa. Katikati, tazama alama nyingine.

Mnaona hatari iko wapi? Mbio inazidishwa kwa yenyewe. Fundi akikosea kidogo, akasoma 3.4 badala ya 3.0, jibu linaruka kutoka 36 mpaka 46. Pembe mbaya ya mkono inatosha.

Na kwa mwenye makovu kuna shida zaidi. Hewa na kifua kilichobadilika umbo vinaficha moyo, na mara nyingine mvujo hauonekani kabisa. Mwaka 2003 timu ya Arcasoy ya Marekani ilichunguza wagonjwa 374 wa mapafu waliokuwa wakitathminiwa kwa ajili ya kupandikizwa, wakalinganisha ekografi na kateta. Presha iliweza kukadiriwa kwa asilimia 44 tu. Kati ya makadirio hayo, asilimia 52 yalikosea kwa zaidi ya milimita 10. Na wengi waliambiwa wana presha ya mapafu kumbe hawana.

Kwa hiyo tuache kuuliza mashine swali moja tu. Hata mvujo usipoonekana, chumba kinaonekana. Je, chumba cha kulia kimekuwa kikubwa kuliko cha kushoto? Je, ukuta wa katikati umesukumwa, mpaka chumba cha kushoto kinafanana na herufi D badala ya duara? Je, ukingo wa chumba cha kulia unashuka angalau milimita 17 kila pigo, au umechoka? Je, mshipa mkubwa wa chini umejaa? Ripoti inayosema "presha haikuweza kupimwa" bila kujibu maswali haya ni ripoti nusu. Na "haikuweza kupimwa" si sawa na "haipo". Wanafunzi wa udaktari, hiyo sentensi muiandike ukutani.

Afrika imeshafanya kazi kwa njia hii. Kundi la utafiti la PAPUCO liliandikisha wagonjwa 220 wa presha ya mapafu katika Kameruni, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, kwa kutegemea dalili na ekografi, kwa sababu kateta haikuwa karibu. Walionyesha kwamba hopitali za kwetu zinaweza kumtambua mgonjwa na kumfuatilia. Walionyesha pia jambo zito: ndani ya miezi 6, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amefariki. Wengi walifika wamechelewa.

Turudi kwa papa

Tumpandishe papa wetu ngazi. Dalili: miguu inavimba, pumzi imezidi, radio haijabadilika. Korido: oksijeni imetoka 93 mpaka 81, mapigo 124, baada ya dakika moja 117, yaani yameshuka 7 tu. ECG ina alama za upande wa kulia. Ekografi: mvujo wa mita 3.6, hesabu inatoa kama 52, na chumba cha kulia ni kikubwa kuliko cha kushoto.

Hakuna kipimo hata kimoja hapo kinachotosha chenyewe. Lakini mashahidi wanne, waliotoka njia tofauti, wanasema neno moja. Hapo ndipo familia ikiamua safari, inaamua kwa macho wazi. Na mwingine, mwenye makovu kama yake lakini korido nzuri na chumba cha moyo cha kawaida, anaweza kubaki na lupango lake na kurudi kupimwa baada ya miezi michache.

Tukishajua, kuna faida gani?

Ndugu mmoja aliniuliza: "Sasa ukishajua na dawa haiko, umefanya nini?" Swali zuri.

Kwanza, oksijeni. Mwenye oksijeni ya 88 au chini akiwa amekaa anahitaji oksijeni ya muda mrefu, na hiyo inapunguza ule mkazo wa mishipa. Pili, kutafuta wezi wengine wanaotibika: damu iliyoganda mapafuni, moyo wa kushoto, VVU, kichocho, selimundu. Tatu, dawa za kutoa maji kwa kipimo, ili miguu na ini vipumue. Nne, kuondoka kwenye vumbi, na kuacha sigara.

Dawa maalumu zipo, lakini hapa tahadhari. Mwaka 2021 utafiti wa INCREASE, wenye wagonjwa 326, ulionyesha kwamba treprostinili ya kuvuta iliwafanya watembee mita 31 zaidi ya wenzao baada ya wiki 16, na Marekani ikaiidhinisha mwaka huo huo. Lakini dawa nyingine zinazosaidia aina nyingine za presha ya mapafu zilileta madhara kwa wenye makovu. Utafiti wa riosiguati ulisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu wagonjwa waliopewa dawa walipata madhara zaidi, vifo vikiwemo. Ambrisentani nayo ilisimamishwa kwa wagonjwa wa kovu. Kwa hiyo jirani akikwambia "kunywa hii, ndugu yangu wa presha ya mapafu alipona", usinywe. Jina la ugonjwa ni moja, chanzo si kimoja.

Kazi yetu sisi wenye diploma

Wa udaktari na uuguzi: oksimeta, saa na korido ya mita 30 havihitaji mfadhili. Kila mgonjwa wa makovu atembezwe, namba ziandikwe kwenye karine yake pamoja na tarehe, ili mwezi ujao kuwe na kitu cha kulinganisha. Na mwulizeni kila papa, na kila mama anayeosha na kupepeta madini: "Ulifanya kazi gani, miaka mingapi?" Swali hilo moja lingemwokoa papa wetu miezi 6 ya dawa zisizo zake.

Wa mines na jiolojia: toboeni kwa maji. Vumbi lisiloruka halihitaji ekografi.

Wa sheria: CNSS ina upande wa hatari za kazi, lakini mchimbaji wa mkono asiye na mkataba yuko nje ya mlango. Ng'ambo ya mpaka, kule Kitwe, Zambia ina taasisi ya serikali inayopima mapafu ya wachimba migodi, na imekuwa ikifanya hivyo tangu enzi ya ukoloni. Shaba ni moja na ukanda ni mmoja. Nani kati yenu ataandika mémoire yake juu ya tofauti hiyo?

Na sisi sote: mtu wa nyumbani akisema pumzi inamkatika kuliko mwaka jana, tusimjibu kwamba ni uzee au ni vumbi tu. Tumwulize daktari maneno haya: "Na moyo wa kulia, umeangaliwa?"

Sasa nawaachia ninyi. Pale unapofanya stage au kazi, kuna korido imepimwa kwa ajili ya kutembeza wagonjwa? Kama haiko, inakosa nini, mita 30 au mtu wa kuanza?